Pampu ya Mkono ya Kujitengenezea kwa Bunduki ya Upepo

Zipo bunduki za upepo zinazotumia hewa iliyoshindiliwa ndani ya chupa ndogo ya chuma. Pampu ya kiwandani ya kuijaza ni ghali, ndiyo maana baadhi ya wamiliki humwendea fundi wa kukereza vyuma wakiwa na mchoro na kipande cha bomba. Tunawaelewa. Umiliki wa bunduki yenyewe una sheria zake. Hapa tunazungumzia pampu tu.

Tairi la gari dogo hujazwa hewa ya kilo 2 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Chupa ya bunduki hujazwa hadi kilo 200, pengine zaidi. Pampu yenye pistoni ya kipenyo cha milimita 30 ina eneo la sentimita za mraba 7. Mtu wa kilo 70 akiuegemea mpini kwa uzito wake wote hatavuka kilo 10. Kwa hiyo pampu za kiwandani huwa na hatua tatu. Kila hatua ikiishindilia hewa mara 6, mwishowe hupatikana mara 216, na pistoni ya mwisho huwa nyembamba sana.

Fundi hodari aweza kuikereza pistoni hiyo. Asichoweza kukithibitisha kwa macho ni uimara wa bomba. Bomba la maji halikutengenezwa kwa shinikizo hili, wala mshono wake haukupimwa kwalo. Chupa ya nusu lita iliyojaa hubeba takriban lita 100 za hewa ya kawaida, nayo ikipasuka hewa hiyo hutanuka ghafla na kurusha vipande vya chuma. Maji hayatanuki hivyo, na kwa sababu hiyo viwanda hupima chupa zao kwa maji.

Hewa inaposhindiliwa hupata joto. Grisi ya kawaida ya gari ikiingia ndani yaweza kuwaka, kama mafuta yanavyowaka katika injini ya dizeli. Unyevu nao hubaki ndani na kuleta kutu isiyoonekana.

Njia ya mkato iliyo mbaya kuliko zote ni kujaza chupa kwa oksijeni ya mafundi wa kulehemu. Oksijeni yenye shinikizo kubwa ikikutana na grisi huweza kulipuka papo hapo. Hatuoni hali yoyote inayoruhusu jambo hili.

Anayenunua pampu, hata iliyokwisha kutumika, atafute chapa ya shinikizo la juu linaloruhusiwa, geji inayosomeka, vali ya usalama, na skrubu ya kutolea hewa kabla ya kufungua mpira. Kikikosekana kimojawapo, airudishe.

Aliye tayari na pampu ya kujitengenezea asiijaribu tena, wala asikaze nati yoyote ikiwa bado ina hewa. Aitoe hewa polepole, uso na mikono vikiwa mbali na maungio, na asiifungue mpaka geji isome sifuri na mlio wa hewa ukome kabisa.