Stanley Matthews: winga aliyecheza ligi kuu akiwa na miaka 50

Tarehe 6 Februari 1965, Stoke City waliikaribisha Fulham katika uwanja wa Victoria Ground. Mechi ilikuwa ya Daraja la Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya soka la England wakati huo, na winga wa kulia wa Stoke alikuwa ametimiza miaka 50 siku tano kabla. Hakuletwa uwanjani kupungia mashabiki mkono. Enzi hizo sheria haikuruhusu kubadilisha mchezaji, kwa hiyo aliyeanza ndiye aliyemaliza, na Stoke wakashinda 3-1. Huyo ni Stanley Matthews. Mpaka leo hakuna aliyecheza ligi ya juu ya England akiwa na umri mkubwa kuliko huo.

Wapo wanaotajwa kando yake, na haki yao wapewe. Neil McBain alidaka akiwa na miaka 51 mwaka 1947, lakini huyo alikuwa kocha wa New Brighton ya daraja la tatu, akavaa glavu kwa dharura kwa sababu klabu ilikosa kipa. Mjapani Kazuyoshi Miura ndiye mrithi wa kweli. Machi 2017 aliichezea Yokohama FC, katika daraja la pili la Japani, akiwa na miaka 50 na siku 7, akimpita Matthews kwa siku mbili. Rekodi ya umri katika soka la kulipwa, ukimwacha McBain, ilikuwa imesubiri miaka 52.

Kwenye timu ya taifa hajafikiwa na mtu. Alianza kuichezea England Septemba 1934 dhidi ya Wales, akiwa na miaka 19, na akafunga. Mechi yake ya mwisho ilikuwa Mei 1957 dhidi ya Denmark mjini Copenhagen, akiwa na miaka 42. Ni zaidi ya miaka 22 kati ya jezi ya kwanza na ya mwisho. Yeye ndiye mchezaji mzee kuliko wote waliowahi kuivaa, na mfungaji mzee kuliko wote pia, kwa bao la Oktoba 1956 dhidi ya Ireland ya Kaskazini alipokuwa na miaka 41. Hata hivyo ana mechi rasmi 54 tu. Vita vya Pili vya Dunia vilimla miaka sita katikati ya ubora wake, na mechi za kimataifa zilizochezwa wakati wa vita hazihesabiwi. Kamati ya uteuzi nayo ilimwacha mara nyingi, ikidai anakaa sana na mpira. Katika Kombe la Dunia la 1950 alikuwa na kikosi Brazil, lakini England ilipofungwa 1-0 na Marekani alikuwa amekaa jukwaani akitazama.

Mwili ule haukuja kwa bahati. Alizaliwa Februari 1915 huko Hanley, Stoke-on-Trent, mji wa viwanda vya vyombo vya udongo. Baba yake, Jack, alikuwa kinyozi na bondia, na alimwamsha alfajiri kufanya mazoezi ya viungo tangu utotoni. Tabia hiyo haikumtoka. Hakuvuta sigara katika zama ambazo wachezaji walivuta hadi chumba cha kubadilishia nguo. Baadaye akawa na desturi ya kushinda Jumatatu bila kula. Alitaka pia viatu vyepesi vya kuchezea wakati wenzake walivaa buti nzito za ngozi, kwa sababu silaha yake ilikuwa hatua tano za kwanza. Alimsogelea beki taratibu, akainamisha bega kuelekea ndani, kisha akachomoka nje kwenye chaki. Kila beki wa kushoto England aliijua chenga hiyo, na bado ilimpita.

Mwaka 1947 Blackpool walimnunua kutoka Stoke City kwa pauni 11,500. Alikuwa na miaka 32, na swali lililoulizwa lilikuwa kama bado ana misimu miwili miguuni. Alikaa 14. Huko ndiko alikokutana na Kombe la FA, ambalo lilimtesa kwanza: fainali ya 1948 alifungwa na Manchester United, ya 1951 na Newcastle.

Ya tatu ilikuwa Mei 1953 dhidi ya Bolton, mbele ya watu 100,000 pale Wembley. Matthews alikuwa na miaka 38. Nat Lofthouse aliifungia Bolton kabla watu hawajakaa vizuri, na katika kipindi cha pili Blackpool wakajikuta nyuma 3-1. Dakika zikiwa zimebaki kama 20, mipira yote ikaanza kwenda kulia. Krosi ya Matthews ikamponyoka kipa, Stan Mortensen akaisukuma ndani. Mortensen huyo huyo akasawazisha kwa mpira wa adhabu dakika za mwisho kabisa. Kisha, katika muda wa nyongeza ya majeruhi, Matthews akampita beki hadi karibu na mstari wa goli, akarudisha mpira nyuma huku akiteleza, na Bill Perry, mzaliwa wa Afrika Kusini, akafunga la nne. Waingereza waliiita fainali ya Matthews. Yeye hakulipenda jina hilo, na alikuwa na sababu: Mortensen alifunga mabao matatu, na hakuna mwingine aliyefanya hivyo katika fainali ya Kombe la FA pale Wembley. Ni kweli pia kwamba Bolton walikuwa na wachezaji walioumia na hawakuwa na wa kuwabadilisha.

Mwaka 1956 jarida la France Football lilianzisha tuzo ya Ballon d'Or. Mshindi wa kwanza hakuwa Alfredo Di Stéfano aliyeipa Real Madrid kombe la Ulaya. Alikuwa Matthews, kwa pointi 47 dhidi ya 44, akiwa na miaka 41. Hajatokea mshindi mzee kuliko yeye. Mei ya mwaka huo huo alikuwa amemzungusha Nilton Santos, beki bora wa Brazil, katika ushindi wa England wa 4-2.

Oktoba 1961 alirudi Stoke City, wakati huo katika daraja la pili, akiwa na miaka 46. Mechi ya nyumbani iliyotangulia ilikuwa na watazamaji 8,409. Siku yake ya kwanza walikuja 35,974. Mwaka 1963 Stoke walipanda daraja baada ya kuifunga Luton, naye akafunga bao moja, na waandishi wa soka wakamchagua mchezaji bora wa mwaka akiwa na miaka 48. Tuzo hiyo alikuwa wa kwanza kabisa kuipata, mwaka 1948. Januari 1965 akapewa cheo cha Sir, mchezaji pekee wa soka kukipata kabla ya kutundika viatu. Baadaye alisema alistaafu mapema mno.

Uzee wake aliutumia sana kufundisha vijana, wakiwemo wa Soweto, ambao mwaka 1975, katikati ya ubaguzi wa rangi, aliwapeleka Brazil. Alifariki Februari 2000, na majivu yake yako chini ya duara la katikati la uwanja mpya wa Stoke.

Rekodi ninayoiweka juu ya zote haina hata namba kubwa. Kadi za njano na nyekundu zilianza mwaka 1970, lakini kabla yake waamuzi waliandika majina kwenye daftari na kutoa watu nje. Kwa miaka 33 Matthews alipigwa viatu, alivutwa jezi, aliangushwa na mabeki wasiokuwa na njia nyingine ya kumzuia, na jina lake halikuandikwa hata mara moja. Miura ameshaipita ile ya umri. Hii ya nidhamu, sioni winga atakayeichukua.