Seva Iangukapo kwa Draiva Mbovu

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 19 Julai 2024, saa kumi na mbili na dakika tisa kwa majira ya Goma, kampuni ya Kimarekani ya CrowdStrike ilieneza kwa wateja wake faili dogo la kusomwa na draiva yake ya ulinzi. Na ilipoliondoa baada ya dakika 78, kompyuta zipatazo 8,500,000 za Windows, kwa makisio ya Microsoft, zilikuwa zimekwisha kuanguka, zikionyesha kioo cha buluu, zikijiwasha, na kuanguka tena. Faili lilikwenda kwa mtandao. Kuliondoa kulitaka mikono ya watu, aghalabu mashine moja moja.

Draiva ina idhini ya kuingia katika kiini cha mfumo, zisikofika programu za kawaida, na kwa hiyo ikikosea mfumo husimama wote, usije ukaharibu yaliyomo diskini. Data, basi, kwa kawaida i salama, nami sioni udhuru wa fundi anayekimbilia kufomati.

Tuseme seva ni ya kituo cha afya huko Lushebere, katika milima ya Masisi. Fundi aiwashe kwa flashi ya kusakinishia Windows, lakini achague kutengeneza, mpaka apate kidirisha cheusi cha amri. Na kwa kuwa herufi za diski humo hugeuka, C ikawa D, azihakikishe kwanza. Kisha asome faili la setupapi.dev.log, lililo katika folda ya Windows\INF, ambamo kila draiva iliyosakinishwa huandikwa pamoja na saa yake: ya mwisho, yenye jina mfano wa oem12.inf, ndiyo ya kushukiwa kwanza. Huondolewa hivi:

dism /image:D:\ /remove-driver /driver:oem12.inf

Ila ikiwa ni draiva ya diski yenyewe, ile ya zamani irudishwe kwanza. Wenye Linux wana wepesi zaidi: mara nyingi huchagua kaneli ya awali wakati wa kuwasha, yakaisha.

Kusakinisha draiva kutoka Goma kwa njia ya mtandao ni jambo nisilolipenda, maadamu seva ikianguka hakuna dawa ila kupanda barabara ya Sake na Mushaki, ikiwa inapitika. Na diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kidirisha kile hakifai kitu bila ufunguo wa tarakimu 48. Mwaka ule wa 2024 wako waliokuta funguo zao zimehifadhiwa ndani ya seva zizo hizo zilizoanguka. Wa Lushebere uandikwe karatasini, ukae kabatini kwa mkuu wa kituo.