Decima MAS, 1941–1945: Mbinu za Wapiga Mbizi wa Kivita wa Italia na Tatizo la Kumbukumbu Yao

Maandishi mengi kuhusu Decima MAS, kikosi cha mashambulizi ya siri cha Jeshi la Majini la Italia, huanzia na kuishia katika usiku mmoja wa Desemba 1941. Makala haya yanashikilia kwamba historia ya kikosi hicho haikamiliki mpaka usiku huo usomwe pamoja na mgawanyiko wa Septemba 1943.

Mbinu za kikosi zilizaliwa na unyonge. Mwaka 1935 Italia ilipojiandaa kuivamia Ethiopia, ilihofia kupambana na manowari za Uingereza katika Bahari ya Mediterania. Wahandisi wawili wanamaji, Teseo Tesei na Elios Toschi, walibuni chombo chenye umbo la topido na urefu wa karibu mita 7, ambacho watu wawili walikipanda kama farasi. Kichwa chake kilijaa baruti, nacho kilitenganishwa na kuning'inizwa chini ya meli ya adui. Wapandaji walivuta oksijeni tupu kwa vifaa visivyotoa mapovu. Faida hiyo ilikuwa na gharama, kwa kuwa oksijeni tupu hugeuka sumu mtu azamapo zaidi ya mita chache. Chombo kilikuwa kigumu kuongoza na chenye kuharibika. Wenyewe walikiita "nguruwe", na jina hilo halikuwa la mapenzi. Mashambulizi ya awali yalishindwa, na Tesei mwenyewe alifia Malta Julai 1941.

Usiku wa kuamkia 19 Desemba 1941, nyambizi Scirè, chini ya Junio Valerio Borghese, ilishusha vyombo vitatu karibu na Alexandria. Kizuizi cha bandari kilipofunguliwa ili kupitisha manowari za Waingereza, wapiga mbizi hao sita walipenya pamoja nazo. Luigi Durand de la Penne na Emilio Bianchi walikamatwa baada ya kuacha baruti chini ya Valiant, wakafungiwa ndani ya meli hiyo hiyo. Walikataa kusema baruti iko wapi. Hata hivyo, muda mfupi kabla ya mlipuko de la Penne alimwonya nahodha Charles Morgan awaokoe watu wake. Valiant na Queen Elizabeth zote zilikaa chini, lakini kwa kuwa maji hayakuwa na kina kirefu zilisimama wima, na Waingereza waliweza kuficha hasara hiyo kwa muda.

Italia ilipotangaza kusimamisha mapigano na Washirika tarehe 8 Septemba 1943, Borghese aliafikiana na Wajerumani na kubaki na jina la kikosi. Decima yake ikawa jeshi la nchi kavu la maelfu ya watu, lililowawinda wapiganaji wa upinzani, likatesa na kuua. Kusini, wengine waliunda kikosi kipya, Mariassalto, upande wa Washirika. De la Penne alijiunga nacho, na Juni 1944 Waitaliano na Waingereza waliizamisha kwa pamoja manowari Bolzano, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, bandarini La Spezia. Machi 1945 alitunukiwa nishani ya dhahabu, naye aliyemvisha alikuwa Morgan.

Borghese alihukumiwa mwaka 1949 kwa kushirikiana na Wajerumani, akaachiliwa karibu mara moja. Baada ya jaribio la mapinduzi la Desemba 1970 alikimbilia Hispania, akafia huko mwaka 1974.