Mashua Iliyoangamiza Manowari

Alfajiri ya tarehe 10 Juni, 1918, katika Bahari ya Adriatiki, Luigi Rizzo, afisa wa Jeshi la Wanamaji la Italia, aliona moshi kwa mbali. Alikuwa akirejea kutoka doria na mashua mbili za topido, yaani makombora yaendayo chini ya maji. Mashua yake, MAS 15, ilikuwa na urefu wa mita 16 hivi. Mwenye busara angekimbia. Rizzo alipunguza mwendo, akapenya kimya kati ya meli za ulinzi, akafyatua topido mbili. Zote ziliipata Szent István, manowari ya Austria-Hungaria ya tani 20,000. Alipofukuzwa, alidondosha mabomu majini nyuma yake, adui akageuka. Manowari ilizama baada ya saa 12 asubuhi. Mabaharia 89 walikufa. Wengi walinusurika, kwani walijua kuogelea. MAS 15 imehifadhiwa mjini Roma.