Kwa Nini Simu ya Bibi Haikushika Mtandao Saint Paul?

Bibi yetu alipofika kutoka Tanga kiangazi cha 2023, jambo la kwanza alilotaka ni kumpigia dada yake amwambie kafika salama. Tulimnunulia laini ya hapa, tukaiweka kwenye simu yake ndogo ya batani, tukazima, tukawasha. Hakuna mtandao. "Mbona kwetu inafanya kazi?" akauliza. Wajukuu wakasema imeharibika. Haikuwa imeharibika.

Simu huongea na mnara kwa mawimbi ya redio, na mawimbi hayo yamegawanywa katika masafa, kama stesheni. Redio isiyofika 100 FM haitaipata stesheni iliyoko hapo hata ukisimama chini ya mnara wake. Simu nayo ina masafa yake, yaliyowekwa kiwandani. Huwezi kuyaongeza kwa kupakua programu.

Simu ya bibi iliishia 3G. Tanzania 3G ilikuwa bado ipo. Hapa AT&T ilizima yake Februari 2022, T-Mobile ikafuata Julai, na Verizon ikamalizia Desemba, ili masafa yale yatumike kwa 4G na 5G. Tangu hapo simu za sauti nazo hupita kwenye 4G. Wazazi, hapa pana mtego: simu ya 4G iliyotoka nje inaweza kufungua WhatsApp vizuri kabisa na bado ishindwe kupiga simu ya kawaida, hata 911. Mgeni wako akifika, jaribuni kupigiana siku hiyo hiyo.

Mji wetu una historia katika mambo haya. Tarehe 3 Aprili 2019, Minneapolis na Chicago zilikuwa miji ya kwanza Verizon kuwasha 5G ya simu za mkononi. Simu iliyoweza kuitumia ilikuwa moja tu, Moto Z3, tena kwa kubandikwa kifaa kingine mgongoni! Mawimbi yale yalikuwa na kasi sana lakini yalizuiwa na ukuta, hata majani ya mti. Ukiingia ndani ya duka, unarudi 4G.

Sasa upande wa pili: ile simu iliyolala kwenye droo, unayotaka kumpelekea shangazi. 4G ya Kenya na Tanzania hutumia sana masafa ya MHz 1800 na 800. Simu kubwa za bei huwa nayo; za bei nafuu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani pengine hazina. Angalia namba ya modeli kwenye mipangilio, uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji. Halafu hakikisha simu haijafungwa na kampuni iliyokuuzia. Mimi niliwahi kutuma moja iliyofungwa, ikawa saa ya mezani. Na iPhone 14 na zilizofuata zilizouzwa Marekani hazina tundu la kadi ya laini, zinatumia eSIM peke yake. Ulizia kwanza kama kampuni ya shangazi inayo.

Watoto, kazi ya Jumamosi ijayo: leteni namba ya modeli ya simu ya mzazi mmoja, tutafute pamoja kama ina 1800.

Bibi tulimnunulia simu nyingine. Alirudi Tanga na zote mbili, lakini anayotumia ni ile ya batani. Anasema chaji yake inakaa siku tatu.