"Mtoto wa Kiume": Maana Mpya ya Fungu la Maneno la Zamani

Vitenzi na viwakilishi vya Kiswahili havibainishi mume na mke. Asemaye "amefaulu" hajaeleza kama aliyefaulu ni msichana au ni mvulana. Atakaye kubainisha hana budi kuongeza maneno, kama vile "mtoto wa kike" au "mtoto wa kiume". Mafungu haya si mageni, tangu zamani yalimtaja mtu mmoja, hasa katika habari za uzazi: "Fulani amejaliwa mtoto wa kiume." Makala haya yanakusudia kueleza jinsi fungu hili la pili lilivyopata maana nyingine nchini Kenya, na kuyapima malalamiko linayoyabeba.

Mabadiliko yalianza katika fungu la kwanza. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake ulifanyika Nairobi mwaka 1985, na mwingine Beijing mwaka 1995. Mpango uliopitishwa Beijing ulimtengea mtoto wa kike sehemu yake mahsusi. Kwa matumizi hayo, umoja ulisimama mahali pa wingi: "mtoto wa kike" akawa wasichana wote. "Mtoto wa kiume" alifuata kwa mfano huohuo, kama jibu: husemwa kwamba amesahauliwa shuleni, amenyimwa nafasi kazini, na amedhihakiwa katika vichekesho vya redio na televisheni, ambamo baba huwa mlevi au mjinga.

Neno linaloandamana na malalamiko haya ni "upendeleo". Neno hili lina lawama ndani yake, kwani ampendeleaye mmoja amemdhulumu mwingine. Lau hatua zizo hizo zingeitwa "usawazishaji", msikilizaji angefikiria kwanza pengo lililokuwapo. Kwa hiyo hukumu imekwisha kutolewa na neno kabla ya hoja kusikizwa.

Sheria yenyewe haikutaja upande mmoja. Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kwamba wanawake na wanaume wana haki ya kutendewa kwa usawa, na kwamba watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Kanuni hiyo humlinda mwanamume pia, iwapo wanawake watazidi kiwango hicho. Vivyo hivyo, asilimia 30 ya zabuni za serikali hutengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kijana wa kiume yumo. Lakini katika mazungumzo ya kila siku neno "jinsia" limekuwa sawa na "wanawake", na mwanamume alisikiapo hudhani kwamba hakualikwa.

Kasoro kubwa zaidi imo katika neno "mtoto". Fungu hili sasa humkusanya mvulana wa miaka kumi na miwili pamoja na mwanamume wa miaka arobaini. Hali zao hazilingani. Katika uchaguzi wa mwaka 2022, wanawake walioshinda ugavana walikuwa 7 tu katika kaunti 47. Kwa hiyo madai kwamba wanaume wameondolewa katika uongozi hayana msingi. Lakini mvulana aliyeacha shule akachimbe mchanga, akachume miraa au akaendeshe bodaboda ana shida ya kweli. Naye hushindwa kuieleza, kwa kuwa amelelewa akiambiwa kwamba mwanamume halii.

Basi hasara ya kuchanganya maana hizi humwangukia mvulana huyo. Anayeyapinga madai ya watu wazima huyakataa na ya mtoto, na anayeyatetea hulitumia jina la mtoto kudai mambo yasiyomhusu. Yafaa wanafunzi wa lugha na waandishi wa habari wairudishie istilahi hii mipaka yake: mtoto aitwe mtoto, na mtu mzima aitwe mwanamume. Hapo ndipo kila lalamiko litakapopimwa kwa uzito wake lenyewe.