Dakika Mbili za Mwanzo: Filamu ya Vichekesho vya Vijana na Kiswahili cha Kalemie

Miongoni mwa kazi wanazopewa wanafunzi wa taaluma ya vyombo vya habari, iliyoenea sana ni ile ya kutengeneza mwanzo wa filamu ambayo yenyewe haipo. Mitihani ya Cambridge, kwa mfano, imekuwa ikiwataka watahiniwa wawasilishe mwanzo wa filamu mpya ya kubuni, pamoja na majina ya washiriki, usiozidi dakika 2. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kazi hiyo inavyoweza kupangwa na kutekelezwa Kalemie, mji ulioitwa Albertville hadi mwaka 1966 na ambao tangu 2015 ni makao makuu ya jimbo la Tanganyika. Hoja yetu ni kwamba katika utanzu wa vichekesho vya vijana uamuzi wa kwanza si wa kamera bali ni wa lugha. Na kwamba mwanafunzi anayeuahirisha uamuzi huo aghalabu hujikuta amepiga picha nzuri za watu wasiozungumza kama watu.

Tuanze na utanzu wenyewe. Filamu ya aina hii huichukulia shule kama dola ndogo yenye watawala, matabaka, mipaka na wageni wake. Kazi ya mwanzo ni kumwonyesha mtazamaji dola hiyo upesi, na kumpa mtu mmoja wa kumfuata ndani yake. Katika *Ferris Bueller's Day Off* (1986) kijana anajifanya mgonjwa mbele ya wazazi wake, kisha, wakishatoka, anaigeukia kamera na kuzungumza nasi kana kwamba tumo katika njama yake. Katika *Clueless* (1995) msichana wa Beverly Hills anatueleza kwa sauti ya msimulizi kwamba maisha yake ni ya kawaida kabisa, ilhali picha inamwonyesha akichagua nguo kwa msaada wa kompyuta. Kinaya hicho, yaani sauti kusema hili na picha kusema lile, ndicho chombo kikuu cha utanzu huu, nacho hakigharimu fedha.

Mfano wa tatu unatugusa zaidi sisi wa Kiswahili. Mhusika mkuu wa *Mean Girls* (2004) ni msichana wa Kimarekani aliyelelewa Afrika na wazazi wataalamu wa wanyama. Anapoingia shule kwa mara ya kwanza, anawaendea wanafunzi weusi na kuwaamkia "Jambo". Wanamkodolea macho. Mzaha huo unamlenga yeye, si lugha. Hata hivyo ni dhahiri kwamba katika dola ile Kiswahili ni alama ya ugeni. Mwanafunzi wa Kalemie akiiga filamu hizi bila kutafakari, huenda akairithi hata nafasi hiyo, akawapa wahusika wake Kifaransa cha heshima na kukiachia Kiswahili kazi ya kumchekesha mtazamaji kwa kuwa ni Kiswahili tu.

Hali halisi ya shule ina utajiri zaidi. Katiba ya 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Shule ya sekondari hufundisha kwa Kifaransa. Uani na njiani watoto huzungumza Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, chenye *batu* na *bitabu* pale ambapo sanifu ina *watu* na *vitabu*, na *ku* mahali pa viambishi vingi vya mahali. Juu ya hicho kipo Kiswahili sanifu cha vitabuni, na sauti za Kigoma zinazovuka ziwa. Hizo ni ngazi, na kichekesho huzaliwa mtu anapoteleza kutoka ngazi moja hadi nyingine.

Tuseme basi kikundi cha wanafunzi kinapanga mwanzo ufuatao. Kijana mwenye shati jeupe na suruali ya buluu anakimbilia shule. Amebakiza hatua chache kufika langoni, ndipo bendera inapoanza kupandishwa. Katika Kongo desturi ni kwamba bendera ikipanda, mpita njia husimama tuli. Anasimama. Mama mwenye beseni la dagaa kichwani anasimama. Ndani ya lango, mkuu wa nidhamu, aliyekuwa akiitazama saa yake, naye amesimama, mkono ungali hewani. Wawili hao wanaonana, wala hakuna awezaye kusogea. Macho tu ndiyo yanayotembea. Mbuzi, ambaye hafungwi na desturi, anapita katikati. Wimbo unakwisha, na wote wanakurupuka kwa pamoja.

Mkuu wa nidhamu anamhoji kwa Kifaransa. Kijana anajibu kwa Kifaransa, anaanza sentensi ndefu, inamponyoka, anaangukia nyumbani: "Mama alinituma *ku* soko." Hapo mwalimu, kwa hasira, anaanguka naye: "*Batoto ba leo!*" Mwanafunzi mwenye bidii, au mwalimu wake, atashawishika kusahihisha mswada uwe "Watoto wa siku hizi!" Naomba asifanye hivyo. Sentensi sanifu haina kosa lolote, ila imeondoa tukio lenyewe: kwa maneno yale matatu tunagundua kwamba mtawala wa dola hii ni mtoto wa mtaa uleule.

Katanga ina mfano mkubwa wa kufuata. Kundi la maigizo la Mufwankolo la Lubumbashi lilijenga vichekesho vyake vya redio na televisheni juu ya Kiswahili cha huko. Johannes Fabian, katika *Power and Performance* (1990), anaeleza jinsi mwaka 1986 kundi hilo lilivyotunga mchezo kutokana na msemo wa Kifaransa usemao kwamba madaraka huliwa mazima. Waigizaji hawakukariri mswada. Walijadiliana juu ya kisa, wakagawana matukio, na maneno yakapatikana katika mazoezi. Kwa maoni yangu njia hii inawafaa wanafunzi kuliko mswada uliokamilika, kwani kalamu ya aliyesoma huvutwa na sanifu hata asipotaka. Wafanye mazoezi, wanase sauti, ndipo waandike walichokisikia.

Baada ya hapo kamera ni jambo la hesabu. Dakika 2 ni sekunde 120. Picha ya wastani ikidumu sekunde 4 au 5, kikundi kinahitaji picha 24 hadi 30, kila moja ikiwa imechorwa kwanza kwa mkono kwenye karatasi. Mandhari ya bendera inataka picha ndefu zaidi, maana kutosogea hakuchekeshi mpaka kumezidi kiasi. Upepo wa ziwa huharibu sauti, kwa hiyo mazungumzo ya langoni yarekodiwe asubuhi mapema au nyuma ya ukuta, na betri zichajiwe siku iliyotangulia, umeme ukiwapo. Bandari na stesheni ya reli vinavutia, lakini kupiga picha huko bila kibali ni kujitafutia taabu. Shule nayo hutaka ruhusa ya mkuu wake, na watoto ruhusa ya wazazi.

Jambo la bendera lishughulikiwe kwa uangalifu. Anayechekwa ni aliyechelewa na anayemngojea. Bendera yenyewe isionekane ikikwama, isichezewe, wala wimbo usikatwe katikati kwa mzaha. Kikundi kisipoafikiana juu ya hilo kabla ya kupiga picha, afadhali kitafute kisa kingine.

Kuhusu tafsiri ya maandishi chini ya picha, tungependekeza Kifaransa kitafsiriwe kwa Kiswahili, na Kiswahili cha Kalemie kiachwe bila tafsiri. Mtazamaji wa Dar es Salaam au Mombasa ataelewa sehemu kubwa, na pale asipoelewa atalazimika kusikiliza. Jina la filamu liwekwe mwishoni, juu ya lango linalofungwa.